Nembo za Ukutani Hazimtaji Mwenye Nyumba
Wengi waingiao ua wa jumba la Bargello mjini Florence, Italia, lililoanza kujengwa mwaka 1255, huona nembo za koo zilizochongwa kwa mawe zikiwa zimetapakaa ukutani, wakadhani kwamba ni za matajiri waliolimiliki. Sivyo. Jumba lilikuwa la mji, na aliyekaa humo alikuwa podestà, yaani hakimu mkuu aliyeajiriwa kwa muda mfupi na, kwa makusudi kabisa, kuletwa kutoka mji mwingine ili asipendelee ukoo wowote wa pale. Huyo mgeni ndiye aliyeacha ngao ya ukoo wake ukutani, na kwa kuwa walibadilishwa mara kwa mara, ngao zimebanana hadi kwenye ngazi ya mawe.