Hapana, darubini haitapiga picha ya miji yao

Swali halichoki kurudi: NASA ikirusha Habitable Worlds Observatory, darubini ya angani ya kutafuta sayari zenye uhai, miaka ya 2040, tutapata picha ya miji ya viumbe wengine ikiwaka taa usiku? Hatutapata. Piga hesabu. Iweke Dunia umbali wa miaka-nuru 33. Ili darubini itambue tu kwamba ile ni duara na si nukta, kioo chake lazima kiwe na upana wa kilomita 15 hivi. Kinachopangwa ni cha mita 6. Bara, bahari na mawingu, vyote vitakuwa ndani ya nukta moja.

Tena nukta yenyewe ni hafifu mara bilioni 10 kuliko nyota yake. Koronagrafu, kifaa ndani ya darubini, huziba mwanga wa nyota, lakini kioo kikitikisika kwa makumi ya pikomita tu (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), mwanga unavuja na kuimeza sayari. Katika mkanda wa mawimbi ya mwanga wenye upana wa nanomita 100, kioo hicho kinadaka fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja kila sekunde tatu au nne, na nyingi hupotea kabla ya kufika kwenye kitambuzi. Hizo chache zinazobaki ndizo tunazozigawa tena kwa rangi kupata spektra, ambamo kila gesi huacha alama yake.

Humo ndimo tunamotafuta nitrojeni dioksidi, gesi ya moshi wa magari na viwanda, inayonyonya mwanga karibu na nanomita 400. Mwaka 2021 mwanasayansi wa NASA Ravi Kopparapu na wenzake walikadiria saa 400 kuibaini kwa kiwango cha Dunia, lakini kwa darubini ya mita 15. Kwa mita 6, muda unarefuka mara sita au zaidi.

Halafu anakuja mtu: "Gesi ikionekana, basi wapo." Jamani! Radi huitengeneza gesi hiyohiyo. Moto wa nyika pia. Mawingu na chembechembe za angani hunyonya mwanga wa eneo lilelile na huweza kuigiza alama yake. Kwanza pata oksijeni kwenye nanomita 760 na mvuke wa maji kwenye 940, uijue hewa yenyewe, ndipo uulize kama radi peke yake ingetosha kuzalisha kiasi kile. Kukisia wingi wa radi wa sayari ambayo ni nukta tu? Modeli zetu siziamini kiasi hicho.

Gesi za CFC, zile za friji za zamani, zingekuwa ushahidi mzito zaidi, maana maumbile hayazitengenezi kwa kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Ila alama zake ziko mikromita 8 hadi 12, kazi ya chombo kingine kama LIFE, darubini za angani za mwanga wa infraredi zinazopendekezwa Ulaya.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaochakata data: mkanda wa nanomita 400 uhifadhiwe ukiwa ghafi, kabla mtu hajausawazisha akidhani ni ukungu tu.