Mungu hayupo kwenye foleni

Juzi mkono ulinyooshwa tena nyuma ya darasa: "Mwalimu, kama kila kitu kina chanzo, Mungu kaumbwa na nani?" Wenzake wakaguna kama vile nimefungwa bao.

Jamani. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, hakusema kwamba kila kitu kina chanzo. Tena alikiri kuwa akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Kwa hiyo foleni ya visababishi inayorudi nyuma hadi kwa Mungu aliyesimama mbele kabisa, tupa kule. Tomaso anauliza kwa nini kitu kipo sasa hivi. Hewa hung'aa jua linapoiangaza, na haiweki mwanga akiba: jua likizama, giza. Ndivyo kila kitu kinavyopokea kuwapo kwake kutoka kwa Mungu.

Katika De ente et essentia ("Kuhusu kilichopo na dhati"), kijitabu cha ujana wake Paris miaka ya 1250, anasema naweza kujua finiksi, ndege wa hadithi, ni nini nisijue kama yupo. Dhati, yaani kitu ni nini, mbali; kuwapo mbali. (Tofauti hiyo ilitoka kwa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, na waseminari hushtuka kila mwaka nikiwaambia.) Kwa Mungu tu tofauti hiyo haipo: dhati yake ndiyo kuwapo kwenyewe.

Hapo ndipo Kiswahili hunitesa. "Mungu yupo" ina -po, na -po hudai mahali, kama "mkuu yupo ofisini". Biblia ya Union, Kutoka 3:14, ina "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Naipenda hiyo -ko, angalau haioneshi kidole. Lakini nayo ni ya mahali. Sum ya Kilatini, yaani "mimi ni", haidai mahali popote. Jaribu kusema "Mimi ni" kisha nyamaza. Msikilizaji atasubiri: ni nani? ni nini? Tomaso anataka ukomee hapo hapo, kwa sababu chochote utakachoongeza kitaweka mpaka.

Sasa lile nisilolisema darasani. Duns Scotus, mwanafalsafa Mfransisko aliyefariki Köln mwaka 1308, anabana: "kuwapo" kwa Mungu na kwa kiti ni maana moja au mbili? Zikiwa mbili, hoja inayoanzia kwenye kiti itamfikiaje Mungu? Tomaso hujibu kwa analojia: maana hazilingani, wala hazikuachana kabisa. Kuna asubuhi jibu hilo linanitosha. Kuna nyingine naliandika ubaoni nikiliona kiraka. Kijana angeniuliza hilo, ningeweka chaki chini.