Si mboga zinazowarudisha bustanini

Wengi wanaoanzisha bustani za jamii mijini huamini kwamba mtu wa kujitolea akiondoka na fungu la mboga, ameridhika. Basi watu wakipungua, dawa inakuwa kuongeza matuta. Hapo ndipo hesabu inapokosewa.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Gil Clary na Mark Snyder pamoja na wenzao, walichapisha kipimo chenye sababu sita za watu kujitolea: kutekeleza wanachokiamini, kujifunza, kuwa na wenzao, kujijenga kikazi, kupunguza mawazo mazito na kujiona wa maana. Mavuno hayamo. (Kipimo hakikutungwa kwa ajili ya bustani, lakini kinaingia vizuri.) Waliona pia kwamba mtu huridhika zaidi anapopata kile hasa alichokifuata.

Mtazame aliyekuja kujifunza kuotesha miche. Jumamosi tatu mfululizo anakabidhiwa toroli na rundo la mboji. Hakuna anayemwonyesha namna ya kupunguza miche iliyosongamana kitaluni, wala anayemwuliza tuta lipandwe nini. Ya nne haji, hata nyanya zikiwa zimeiva. Na mwenzake aliyefuata mazungumzo? Huyo mpe toroli lilelile, ila awe na mtu wa kusukuma naye.

Mratibu angeuliza tu siku ya kwanza: "Umekuja kutafuta nini?" Kisha aulize tena msimu ukiisha, maana aliyekuja kujifunza mwaka huu, mwakani huenda akataka kufundisha.