Mtoto, mrija na mtungi: tunayodanganyana ufukweni

"Mtoto wa pwani huyo, mtie majini atajua mwenyewe." Kauli hii husikika sana kwenye boti za Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya. Kumbe kujua kuogelea ni jambo moja, na kupumua kwa mdomo kupitia mrija (snorkel), huku uso umo majini, ni jingine. Hata anayeogelea vizuri hushtuka funda la kwanza la maji ya chumvi likipita mrijani. Aanzie maji ya kiunoni. Miwani ya majini nayo ijaribiwe pakavu: iweke usoni bila kamba, avute hewa kwa pua, ikinata, inamtosha. Wangu wa kwanza aliikataa bahari asubuhi nzima, nami nikimwita mwoga. Kumbe nywele chache zilibanwa chini ya mpira wa miwani, maji yanamwingia machoni.

"Ameshaweza mrija, mtungi ni hatua ndogo tu." Mtungi ni ule wa hewa anaobeba mzamiaji mgongoni, na hapa ndipo penye hatari. Wa mrija akitaka kuchungulia matumbawe chini hubana pumzi, azame, aibuke. Wa mtungi akibana pumzi huku anapanda anaweza kupasua mapafu. Mtungini hamna oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo pumzi iliyojaza kifua kule chini hutaka nafasi mara mbili ikifika juu. Ndiyo maana PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, huwaonjesha wa miaka 8 kwenye kina kisichozidi mita 2, na cheti cha kuzamia baharini huanzia miaka 10, mwisho mita 12, akiwa na mwalimu au mzazi mwenye cheti. Na umri ni ruhusa tu. Mwenye miaka 11 asiyesikiliza hata akiambiwa afunge mkanda wa gari, mimi simpeleki.

"Masikio yatazoea." Hayazoei. Maumivu huanza mita mbili tatu tu za mwanzo. Abane pua, apulize taratibu kabla hajaumia, na arudie kila anaposhuka. Akiwa na mafua, leo abaki nchi kavu. Njia zake za masikio ni nyembamba kuliko zako.

"Je, papa?" Ogopa zaidi mkondo, na jua la mgongoni: fulana ya mikono mirefu haikosi kazi. Na usimwache peke yake eti maji ni mafupi. Anayezama mara nyingi hapigi kelele.

"Tuzamie asubuhi Nungwi, jioni tupande ndege turudi Dar." Kwa mrija tu, sawa. Kwa mtungi, mzamo mmoja hutaka kusubiri angalau saa 12, zaidi ya mmoja saa 18, ili naitrojeni, gesi ya hewani inayojikusanya mwilini ukiwa chini, itoke kabla ya kupanda juu. Boti ya Azam haina neno, inapita juu ya bahari. Ila mkishuka bandarini msiunganishe na safari ya Lushoto, milimani, usiku huohuo: ile nayo ni kupanda juu.