Je, wajua kwa nini wimbo unaweza kuvuma Kisumu nzima na mwimbaji asilipwe?

Wimbo unapigwa kwenye matatu za Kondele, redioni unaombwa kila jioni, na aliyeuimba bado anasubiri mrabaha, yaani malipo ya wimbo wake kutumika. Watu hulaumu redio. Mara nyingi kasoro huanzia studioni, siku ile ile ya kurekodi.

Wimbo mmoja hubeba haki kadhaa. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni. Kuna rekodi yenyewe. Kisha kuna haki ya aliyeimba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazitenganisha, na kila moja ina pesa zake. Jina lako kuwa peke yake kwenye wimbo hakukufanyi mwenye vyote.

Kwa rekodi, sheria humtazama aliyefanya mipango ya kuirekodi. Ndiyo maana prodyuza aliyekwambia "utanilipa ukitoka" anaweza kuja kuidai rekodi hiyo wimbo ukishavuma, na dai lake lina uzito. Ukimlipa, hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Bora zaidi, msiondoke studioni kabla ya kuandika karatasi ya mgawanyo: jina la wimbo, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, kazi ya kila mmoja, asilimia za utunzi zinazofika 100, na, kando na hizo, asilimia za rekodi zinazofika 100. Wote watie sahihi. Mkingoja wimbo uvume kwanza, hakuna atakayekubali sehemu ndogo.

Biti (midundo iliyotengenezwa tayari) za bei nafuu za intaneti zina hatari yake. Leseni nyingi si za mtu mmoja, kwa hiyo msanii wa Nakuru na wa Lagos wanaweza kuimba juu ya biti moja. Mwingine akiisajili kwanza kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua muziki, mapato ya video yako yanaweza kwenda kwake. Lipia leseni ya kipekee, au mwite mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na mrekodi biti yenu.

Kila rekodi pia huhitaji ISRC, nambari ya kuitambulisha yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla, ambayo msambazaji wa mtandaoni huitoa. Ukipakia upya rekodi ile ile, tumia nambari ile ile. Remiksi hupewa mpya. Na jina liandikwe namna moja kila mahali. Ukiwa "Nyar Kisumo" hapa na "Nyarkisumo" kule, hesabu hugawanyika.

Kuhusu viwango: YouTube hugawana mapato ya matangazo na chaneli yenye wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 kwa mwaka. Kwa miito ya simu, yaani wimbo anaousikia anayekupigia, marekebisho ya sheria ya 2022 yalimwekea mwenye haki angalau asilimia 52 ya mapato.

Mirabaha ya redio, baa na matatu hukusanywa na mashirika yenye leseni ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Leseni hizo hubadilika, basi thibitisha ya mwaka huu kabla ya kujiunga, kisha wasilisha kila wimbo kwa jina. Uanachama bila orodha ya nyimbo hauleti chochote.