Waya wa kumbukumbu ukipondwa haujafa

Kwa mafundi wa Unguja, Darajani hata Mwanakwerekwe, utasikia kwamba waya wa kumbukumbu, yaani ule wa nikeli na titani wa kunyooshea meno, ukishavutwa kupita kiasi umekufa. Si kweli, ingawa kosa lenyewe linaeleweka.

Ukivutwa hadi kiasi cha asilimia 8, hurudi kwenye umbo lake wenyewe au kwa kupashwa moto. Ukizidi hapo, tabaka za fuwele, yaani atomi zilizopangwa kwa safu, huteleza, na mpindo hautoki hata ukiuchovya kwenye maji yanayochemka. Lakini kilichopotea ni lile umbo la zamani. Uwezo wa kukumbuka umezibwa tu na msongamano wa kasoro ndani ya fuwele.

Ndiyo maana watafiti huiponda aloi hii, yaani mchanganyiko huu wa metali, kwa makusudi. Huisukuma kwenye tundu lenye kona ikiwa na joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, maana ikiwa baridi hupasuka. Punje zake, yaani vipande vidogo vya fuwele vinavyoiunda, hushuka hadi nanomita 200 au 300, na aloi huwa imara zaidi.

Kazi ya kurudisha kumbukumbu iko kwenye moto. Bana waya kwenye kalibu ya chuma kwa umbo unalolitaka, uweke kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa dakika 10 hadi 30, kisha uzamishe majini papo hapo. Chini ya nyuzi 300 utabaki mgumu; juu ya 600 punje hukua na waya hulegea. Jiko la makaa halifai kabisa, joto lake halishikiki. Na punje zikiwa ndogo mno, chini ya nanomita 60 hivi, nazo huyazuia mageuzi ya fuwele yanayoleta kumbukumbu.