Paka mdogo anakesha analia: kabla hujamnyamazisha, jua anamwambia nani

Haipiti wiki bila mtu kunitumia voisi ya paka analia. Sio maelezo, ni paka mwenyewe, sekunde arobaini za nyaau nyaaaau alafu mwishoni inaingia sauti ya binadamu aliyechoka, "dokta huyu ana nini lakini?" Na mimi narudisha maswali yaleyale matatu: ana miezi mingapi, ni jike au dume, ameshafungwa kizazi au bado. Watu wanahisi nawakwepa, ila kwa paka ambaye hajafika mwaka hayo maswali matatu yanamaliza sehemu kubwa ya kazi kabla sijamshika hata mguu.

Kwanza huo mlio wenyewe. Paka wakubwa wakiwa wao kwa wao hawanyauliani sana, wana mikia, wana masikio, wana harufu, na wakikorofishana utawasikia wanavyofoka. Nyau ni sauti ya mtoto kwa mama yake, ya kusema nina njaa, nina baridi, nimepotelea huku. Huyu wa nyumbani anakua nayo kwasababu ameshagundua kuna kiumbe kirefu humu ndani hakielewi mkia wala harufu, ila kikisikia nyau kinanyanyuka. Ndo maana nasema hiyo sauti ni yako wewe, hamuiti paka mwenzie. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walirekodi paka wanavyokoroma wakiomba chakula, wakakuta ndani ya ule mkoromo kuna kasauti kembamba kanakaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na waliosikilizishwa wakasema huo mkoromo una haraka na unakera kuliko ule wa paka aliyetulia, hata wasiofuga paka walisema hivyo. Kwahiyo kama unashindwa kulala akilia, sio kwamba huna roho ngumu, sauti yenyewe imekaa hivyo.

Tuanze na jike, maana hapa ndo watu wanapata presha ya bure. Kuna kijana alinijia usiku, paka kamfunga kwenye taulo, jasho linamtoka, anasema paka wake kaanguka kavunjika mgongo, anajiburuza tumbo chini na anapiga makelele ambayo hajawahi kuyasikia tangu amchukue. Nikamweka mezani, nikapapasa mgongo pingili kwa pingili, hamna kitu, halalamiki wala nini. Nikamkuna pale mkia unapoanzia. Makalio juu, mkia ukalala pembeni, miguu ya nyuma ikaanza kukanyaga kanyaga kama anaponda kitu. Nikamwambia kijana mgongo mzima huu, binti yako ameingia joto, yaani anaita dume. Akanyamaza kidogo, alafu akasema "si bado mtoto lakini?" Alikuwa na miezi mitano.

Ndo hivyo, wengine wanaanza na miezi 4, wengi kwenye 6 hapo. Joto linakaa kama wiki moja, asipopandwa linapoa, na baada ya wiki 2 au 3 anaanza upya, kwasababu yai la paka kwa kawaida halishuki mpaka apandwe. Na kwa kuwa paka anaendeshwa na urefu wa mchana, sehemu zilizo karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwahiyo anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima. Ile ya "muache atazoea" haipo. Dawa yake ni kumfunga kizazi, na hamna haja ya kusubiri azae kwanza mara moja, sijui hii imani ilitoka wapi, haimpi afya yoyote, na ukweli ni kwamba akifungwa mapema hatari ya uvimbe wa matiti inapungua sana. Akipandwa mimba ni miezi 2 na ushee tu, utajikuta na paka watano wanaolia badala ya mmoja. Na tafadhali, vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu usimpe, nimeshapokea paka wenye vizazi vilivyojaa usaha.

Dume yeye ataganda mlangoni analia atoke, anapiga mkojo ukutani, dawa ya hiyo ni kumhasi na inatulia kwa wengi, sio siku hiyohiyo lakini. Ila kuna kilio kimoja cha dume sitaki ukisubirishe hata asubuhi: anaingia kwenye mchanga wake wa choo, anachuchumaa, analia, anatoka, anarudi tena, na ukiangalia mchanga ni mkavu au kuna vitone tu. Watu wanadhani amefunga choo. Njia ya mkojo imeziba huyo, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa, kwahiyo ni usiku huohuo kwa daktari.

Mengine ya mwilini nayapitia haraka. Njaa ya kweli ipo, tumbo la paka wa miezi mitatu ni dogo, anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku na wewe unampa mara mbili kama mkubwa. Minyoo ipo, wanaipata hata kwenye maziwa ya mama, utaona tumbo kubwa mgongo mwembamba na kila saa anadai chakula. Utitiri wa masikioni nao upo. Paka mweupe wa macho ya bluu anayelia kwa sauti kubwa mno, mpigie makofi kwa nyuma asikuone uangalie kama anageuza sikio, wengi wao hawasikii na hawajui wanapiga kelele kiasi gani. Na huyu aliyetengwa na mama kabla ya wiki 8 atalia siku za kwanza, muweke chumba kimoja kidogo, kitambaa chenye harufu ya mama au ndugu zake kikipatikana, usimpe nyumba nzima siku ya kwanza. Ukidhani anaumwa mahali usijaribu kumtuliza na panadol, kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kuua paka, ini lake haliwezi kuivunja.

Haya, umepima, umefunga kizazi, anakula, mzima wa afya, na bado saa kumi alfajiri anaimba. Hapa sasa mwalimu ni wewe.

Nasema hivyo nikiwa najua, maana nilimfundisha wangu mwenyewe, mimi dokta. Paka kwa asili anachangamka alfajiri na jioni, hilo halina ubaya. Siku moja alilia saa kumi, nikiwa na usingizi nikaenda nikamwaga chakula ili nilale. Kesho yake saa kumi kasoro. Nikajifanya simsikii, akalia nusu saa, nikaenda nikampa. Unajua nilichomfundisha hapo? Kwamba bei imepanda, saivi ni nusu saa ya kulia. Na kibaya zaidi ni kumpa leo kesho usimpe, hapo anakuwa kama mtu wa kubeti, anaendelea kwasababu kuna siku ilitiki.

Ukiamua kutoitikia, jua kwamba siku kadhaa za mwanzo atalia kuliko mwanzo. Watu wote wanakata tamaa hapa, wananiandikia "dokta imekuwa mbaya zaidi". Ni kawaida, ni kama mlango uliozoea kufunguka ukisukuma, siku umegoma unausukuma kwa bega kwanza ndo uondoke. Ukifungua wakati wa bega umekwisha. Na nyumba nzima ikubaliane, maana ukikaza wewe alafu kuna mtu anamrushia kipande kwa siri mnapoteza muda.

Ila kunyamaza peke yake ni ukatili kama mchana hana cha kufanya. Paka anaishi kwa kuwinda, kukamata, kula, kujilamba, kulala, kwa mpangilio huo, na wa ndani analetewa hiyo ya tatu tu. Kwahiyo usiku kabla hujalala chukua fimbo yenye kamba na manyoya, mchezeshe dakika kumi hivi, kitoroke kikijificha nyuma ya kiti kama mnyama wa kweli, sio kumpungia usoni, na mwisho umuache akikamate. Hapohapo mpe mlo wake mkubwa wa siku. Utamuona anajilamba taratibu, macho yanaanza kufumba. Mchana mwekee pa kukaa juu dirishani, chakula kingine kifiche kwenye maboksi akitafute. Na bakuli lishuke akiwa kimya, hata kimya cha sekunde tatu mwanzoni, kesho tano. Kumfokea hakusaidii, kwake hayo ni maongezi, na kumrushia maji kunamfundisha kukuogopa wewe.

Kilichonimalizia kazi mimi ni kile kimashine cha kumwaga chakula kwa saa. Nilikitega saa kumi na moja alfajiri, nikavumilia kama wiki mbili. Saivi akiamka haji tena kitandani kwangu, anaenda kukaa mbele ya mashine anainyaulia, na yenyewe haijawahi kumjibu kabla ya muda.